Mashati Mawili ya Mama Kulwa

Mtu wa kwetu akikwambia anaitwa Shija, umeshajua habari za nyumba yao kabla hujapewa kiti. Unajua mama yake alizaa pacha, Kulwa akatangulia kutoka, Doto akafuata, na huyu unayeongea naye ndiye aliyekuja nyuma yao. Huulizi kama wakubwa zake wapo. Unauliza wako wapi. Ndivyo ilivyo Usukumani, na kwa Wasumbwa vilevile. Hata padri akimmwagia mtoto maji na kumwita Bartholomeo, akifika nyumbani ni Shija.

Huyu Bartholomeo Shija ninayetaka kumsimulia aliulizwa swali hilo tangu ana meno ya utoto. "Shija, wakubwa zako wako wapi?" Naye hujibu, "Hawapo." Alijibu hivyo shuleni pale Shinyanga, akajibu hivyo siku ya kipaimara, akajibu hivyo kwa kinyozi aliyemshika kichwa na wembe mkononi. Neno dogo tu, lakini kila akilisema watu hunyamaza, wanaangalia chini, na yeye ndiye anayelazimika kutafuta mazungumzo mengine. Hebu fikiria kazi hiyo kwa mtoto.

Mama yake, Anisia, alikuwa na swali lake pia, ila la kwake hakuna aliyemuuliza. Aliwazaa wale pacha kijijini, upande wa Ushirombo, na hawakumaliza wiki. Yeye mwenyewe alikuwa amelala na homa, hajui mchana wala usiku. Mama mkwe na wanawake wengine waliwachukua watoto, wakawazika karibu na kijito kwenye udongo wa baridi, wakarudi wamenawa. Akaambiwa, "Usilie. Pacha hawaliliwi. Ukiwalilia, watakaokuja nyuma hawatakaa." Basi hakulia. Mwaka uliofuata akaja Shija, akakaa. Kaburi hakuonyeshwa, na mama mkwe alipokufa hakuacha aliyejua mahali penyewe. Jambo la tatu, ambalo pengine lilimuuma kuliko yote, ni kwamba kwa ile wiki moja watu walimwita Mama Kulwa. Shija alipozaliwa wakaanza kumwita Mama Shija, kama vile yale mengine hayakutokea. Mumewe, Tarsisi, alikuwa kibarua kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui. Naye alipofariki, Anisia akahamia mtaa wa Kambarage, Shinyanga mjini, na mwanawe, akawa anauza nyanya na vitunguu mbele ya nyumba.

Hayo niliyajua baadaye. Niliyoyaona mwenyewe yalianza mwaka 1984 kwenye machimbo ya Bugarama, ambako nilikuwa natengeneza baiskeli. Wakati ule palikuwa na turubai, vibanda vya nyasi na watu wengi kiasi kwamba ukikohoa unapewa pole kwa lugha saba. Vumbi lilikuwa zito hata kuku walitaga mayai mekundu. Sisemi uongo, ukiyaosha yanakuwa meupe, lakini nani alikuwa na maji ya kuoshea mayai?

Mashimo ya dhahabu tuliyaita maduara, na duara lililokuwa likisemwa sana lilikuwa la Mzee Gelasius. Alikuwa mtu wa Ushirombo, Mkatoliki wa kwenda misa na rozari shingoni, lakini kwenye habari za dhahabu alikuwa na dini nyingine kabisa. Aliamini dhahabu inamkimbia mtu mmoja na kuwafuata wawili waliotoka tumbo moja. Pacha wakitangulia kushuka asubuhi, mwamba unalainika. Alikuwa tayari kumwacha nje mchimbaji hodari kama nyundo, akamchukua pacha asiyejua kushika sururu, tena akampa godoro.

Habari hiyo ikawafikia watu wawili juu ya lori la pamba. Mmoja aliitwa Valerian, wa Biharamulo, mfupi na mpana kama kabati. Mwingine Januari, wa Kasulu, mrefu kiasi kwamba nilimwona kwa macho yangu akipiga magoti ili avae kofia. Walikuwa wamejuana tangu Kahama, yaani tangu asubuhi. Walipanda lori wakiwa Valerian na Januari, wakashuka wakiwa Kulwa na Doto.

Mzee Gelasius aliwazunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Nyie ni pacha?"

"Pacha, mzee," alisema Valerian. "Mimi Kulwa, huyu Doto."

"Mbona mmoja yuko huku na mwingine yuko kule juu?"

"Mzee wangu, tumboni mimi nililala, mwenzangu alisimama."

Watu tuliokuwepo tukaangalia pembeni ili tusicheke. Gelasius hakucheka. Mtu anayetaka jambo liwe kweli huwa hacheki. Aliwapa godoro na sehemu ya kulala, na kesho yake wakatangulia kushuka.

Tena mwanzoni mambo yalikwenda. Mawe yalitoka mazuri, Gelasius akanunua redio. Halafu mwamba ukabadilika. Wiki zikapita watu wanapandisha viroba vya mawe, wanatwanga, wanaosha, na hakuna kinachobaki kwenye karai isipokuwa sura zao wenyewe ndani ya maji. Mzee akaanza kuwatazama wale pacha wake kwa jicho jingine. Siku moja akauliza mbele ya watu:

"Na Shija wenu yuko wapi?"

Hilo hawakulitegemea. Valerian ni Mzinza, Januari ni Muha. Majina Kulwa na Doto waliyaokota njiani kama mtu anavyookota kofia, hawakujua kuwa kuna mtu wa tatu ameshikilia utepe wake.

"Shija yupo Shinyanga," alisema Januari baada ya kumeza mate.

"Basi aje. Pacha wasio na Shija ni mlango usio na komeo. Dhahabu inaingia, inatoka. Asipokuja, nitajua mnanichezea, na vijana wangu wataongea nanyi."

Vijana wa Gelasius walikuwa hawajui kuongea. Walikuwa na mipini ya majembe.

Sasa tazama mambo ya Mungu. Siku ile ile, au ya pili yake, alikuja kijana mwembamba akakaa kwenye kivuli cha kibanda changu, viatu mkononi. Valerian alikuwepo, ananisubiri nimkazie spoki. Nikamuuliza mgeni jina.

"Bartholomeo."

"La nyumbani?"

"Shija."

Nikajikuta nimeuliza kama kila mtu anavyouliza. "Wakubwa zako wako wapi?"

Kabla hajajibu, Valerian alishaacha baiskeli, amemshika mabega yote mawili. "Mdogo wetu! Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Januari akaitwa, wakamweleza palepale, kwa kunong'ona, Januari ameinama kama mti wa papai wenye mzigo. Walimwambia atapata kazi duarani na pa kulala. Nilidhani atacheka au atakataa. Hakufanya lolote. Alivaa viatu, akafunga kamba taratibu, akawafuata.

Mzee Gelasius alipomuuliza swali lake, "Wakubwa zako wako wapi?", kijana alinyoosha kidole. "Wale pale."

Nilikuwepo. Sijawahi kuona mtu anatamka maneno mawili yenye raha namna ile. Siku zile alitafuta kila sababu ya kuulizwa tena. Akienda kwa muuza uji: "Weka na wa wakubwa zangu." Akigombana na mtu kwenye foleni ya maji: "Subiri nimwite Kulwa." Na Kulwa akiitwa alikuja kweli, mpana vile, hana haja ya kusema neno. Doto alimkatia Shija nusu ya blanketi lake, ambalo lenyewe lilikuwa linamfika magotini. Uongo ulianza kwa ajili ya mzee mmoja, lakini baada ya muda wale watatu wakawa wanauendeleza hata wakiwa peke yao. Nimewahi kuwasikia wakibishana nani alimvunjia mama chungu walipokuwa wadogo.

Pale Bugarama alikuwa akija mfanyabiashara mmoja, Mwamvua, mama wa kutoka Tabora aliyehamia Kambarage miaka michache nyuma. Alileta dagaa, sabuni ikipatikana, na habari bila malipo. Yeye na Anisia walikuwa majirani, mlango kwa mlango, na siku zote alimjua kama Mama Shija. Jina hilo lilimwambia kuwa kuna pacha mahali fulani, ila hakuwahi kuwaona na aliona haya kuuliza. Siku alipomwona Shija machimboni amekaa katikati ya Kulwa na Doto wanakula ugali sahani moja, alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyewazaa. Aliporudi mjini hata mzigo hakuutua.

"Hongera, Mama Kulwa!" alisema mlangoni. "Kumbe wanao wapo! Nimewaona wote watatu Bugarama. Tena wanapendana!"

Anisia alikuwa anapanga nyanya. Mwenyewe alinieleza kwamba aliipanga moja, akaipanga nyingine, halafu akakaa chini katikati ya nyanya.

Hakuwa mjinga. Alijua. Lakini hakuwahi kuwaona wakiingia ardhini. Homa ilikuwa kali, wanawake walirudi wamenawa, na kaburi hakuonyeshwa. Mtu akikaa na jambo kama hilo miaka ishirini na zaidi, linaacha ufa mdogo, na kwenye ufa ule jirani yako anasimama na dagaa zake anakupa hongera.

Mwaka ule nguo zilikuwa hazionekani madukani. Anisia alipanga foleni kwenye duka la ushirika, na kitambaa kilichokuja kilikuwa kimoja tu, cha mistari ya buluu na nyeupe, kile tulichokuwa tunashonea magodoro. Akanunua. Akampelekea fundi cherehani, akamwambia ashone mashati mawili yanayofanana kabisa, maana pacha ukimpa mmoja kitu na mwenzake umpe hichohicho, la sivyo mmoja ataugua.

"Vipimo?" fundi akauliza.

"Chukua vya Shija," alisema. "Si tumbo moja?"

Halafu akamtumia Mwamvua salamu zitangulie: siku ya soko nakuja kuwaona wanangu.

Salamu zilipofika, zilimfikia kila mtu kwa pamoja, kwa sababu Mwamvua hakujua kusema jambo kwa sauti ya chini. Mzee Gelasius alikuwa kama aliyeona mwezi mchana. Mama wa pacha mwenyewe! Kwa wazee wetu, mama wa pacha ndiye anayeombwa kuzigusa mbegu kabla hazijapandwa. "Atalitemea maji duara langu," alisema. "Nichinjieni mbuzi."

Kibandani kwao ilikuwa habari nyingine. Nilipita kumpelekea Valerian baiskeli yake, nikawakuta wamekaa kama watu wanaosubiri hukumu.

"Tuondoke leo," alisema Januari. "Akifika akasema hawa siwajui, tumekwisha. Unakumbuka yule aliyeiba kamba? Mpaka leo anatembea upande."

"Ondokeni nyinyi," alisema Shija. "Anayekuja ni mama yangu."

"Hata wewe watakupiga."

"Nipigwe. Sikilizeni, mipini siiogopi. Naogopa akija anaamini." Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi, ukabaki na mistari. "Hajawahi kuwalilia. Mnaelewa? Akitelemka pale kwenye lori akadhani ni wao, mimi ndiye nitakayemwambia wamekufa. Mara ya pili. Mimi, mwanawe aliyebaki."

 Valerian alitazama mikono yake mifupi. Baadaye akasema, "Hatuondoki. Tumekula vya ukubwa, tutakula na kipigo chake."

Shija alipanga kumuwahi mama yake kwenye lori, amvute kando, amweleze yote kabla hajamwona mtu. Alikuwa kwenye njia panda tangu alfajiri. Lakini Mzee Gelasius naye alikuwa pale, amevaa koti la Pasaka, na nyuma yake nusu ya machimbo. Lori liliposimama na yule mama akatelemka taratibu kutoka juu ya magunia, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, kifurushi kwapani, mzee alimtangulia Shija hatua chache tu.

"Karibu, Mama Kulwa!"

Na watu wote, kwa sauti moja kama kanisani: "Shikamoo, Mama Kulwa!"

Yule mama alisimama. Kifurushi kilimteleza akakidaka. Tukasubiri hadi tukaanza kuona aibu. Mwishowe akasema, "Marahaba, wanangu. Marahaba."

"Mama," alisema Shija, akajipenyeza. "Mama, nisikilize kwanza..."

"Nitakusikiliza," alisema bila kumtazama. "Wako wapi?"

Watu wakapisha njia. Mwisho wa njia ile walikuwa wamesimama wawili, mmoja mfupi mpana, mmoja mrefu mwembamba, wameoga, wamepaka mafuta, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaosubiri sindano.

Nilikuwa karibu, nikamtazama usoni yule mama. Ulififia mara moja tu, kama koroboi inapopigwa na upepo. Alijua. Alijua kabla hajawafikia. Bado akaendelea kutembea mpaka akawafikia, akasimama mbele yao, na uwanja mzima ukawa kimya, hata mbuzi aliyekuwa akingoja zamu yake alinyamaza.

"Mama," alisema Gelasius, na sauti yake ilikuwa imekaza kama kamba, "hawa ni wanao?"

Anisia hakumjibu. Alifungua kifurushi. Akatoa shati moja, akalishika kwa mkono wa kulia. Akatoa la pili, akalishika kwa mkono wa kushoto. Akayanyoosha yote mawili kwa wakati mmoja ili asitangulie mtu.

"Vaeni niwaone."

Wakavaa. Ewe! Shati la Januari lilimwishia juu ya kitovu, na mikono ikakoma kwenye viwiko. La Valerian lilimfika magotini kama kanzu, lakini kifungo hata kimoja hakikufika kwenye tundu lake, na mikono ilining'inia kama masikio ya mbuzi. Wote wawili wamevaa godoro. Alianza kucheka mtu mmoja nyuma, akafuata mwingine, na cheko likaenea machimbo yote mpaka waliokuwa chini duarani wakavuta kamba kuuliza kuna nini huko juu. Mzee Gelasius peke yake hakucheka. Alitazama shati lile, akatazama lile, na uso ukaanza kumwiva. Vijana wake wakasogea.

"Mnacheka nini?" alisema Anisia.

Sauti haikuwa kubwa, lakini watu wakanyamaza.

"Hamjawahi kuona watu waliogombana tumboni? Huyu kachukua urefu wote, huyu kachukua upana wote. Hawakuachiana hata kidogo. Nilihangaika nao mimi, nyinyi mlikuwa wapi? Shija alikuja nyuma, akakuta vurugu zimekwisha, ndiyo maana yeye peke yake ana kipimo cha binadamu." Akamgeukia Gelasius. "Nimeshona kwa kipimo cha Shija kwa sababu hawa sijawaona siku nyingi. Mama akisahau kipimo cha mwanawe ni kosa?"

"Si kosa, Mama Kulwa," alisema mzee, na mipini ikashuka.

"Kulwa," aliita Anisia.

Hakuna aliyejibu. Valerian alikuwa amesahau kuwa ni yeye.

"Kulwa!"

"Naam, mama," alisema Valerian.

"Doto."

"Naam, mama."

Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeonja kitu aone kama chumvi imekolea. Kisha akasema ana kiu.

Wakamwingiza kibandani kwao, na mimi nilikuwemo, kwa sababu ndimi niliyepeleka maji, na hakuna aliyenifukuza. Shija alianza kusema hata kabla mama yake hajakaa. Alisema yote, na akapiga magoti. Anisia alikunywa maji yake mpaka yakaisha.

"Inuka, utachafua suruali," alimwambia. "Uliponiona natembea kwenda kwao, ulidhani mimi kipofu? Wale wangu walikuwa na uso wa baba yako, wote wawili. Hawa hata ncha ya pua hawakugawana." Akakigeuza kikombe mkononi. "Lakini nilikuja nikiwa naamini. Kutoka Shinyanga mpaka Kahama niliamini sana. Kutoka Kahama mpaka hapa niliamini kidogo. Ilikuwa safari nzuri."

Halafu alilia. Hakupiga kelele. Alilia kama mtu anayefanya kazi aliyoiahirisha, kwa utaratibu, anafuta uso kwa pindo la kitenge, anaendelea. Valerian na Januari walikuwa wamesimama na mashati yao ya godoro, hawajui pa kuweka mikono. Shija alitaka kumshika, akamsukuma kidogo pembeni: bado. Alipomaliza, alimaliza. Akawageukia wale wawili.

"Wewe mrefu, nyumbani wanakuitaje?"

"Januari, mama. Mtu wa Kasulu."

"Mama yako yupo?"

"Nilimwacha yupo."

"Lini?"

Januari akahesabu, akaacha. "Nilikuwa sijaota ndevu."

"Anajua uko wapi?"

Januari akalivuta shati lake chini.

"Na wewe mfupi?"

"Valerian. Mama yangu alifariki, nikiwa darasa la tatu."

Anisia akaweka kikombe chini. "Nimewaokoa mbele ya watu, kwa hiyo mna deni langu, na deni lenyewe nalichagua mimi. Wewe, Januari, kesho unapanda lori na mimi. Pale Shinyanga kuna treni mpaka Kigoma. Wangu siwezi kuwaita wakaja. Yule mama wa Kasulu anaweza, ila hajui aite upande gani. Nenda ukaitikie."

"Mama, mzee atasema Doto kaenda wapi?"

"Mimi ndiye mama yao. Nimemtuma."

Valerian alikuwa ameinamisha kichwa. "Na mimi?"

"Wewe huna wa kumwitikia, basi utaniitikia mimi. Sikukuu uje Kambarage. Na lile shati ukalipunguze mikono, unanitia aibu."

Mchana ule akapelekwa kwenye mdomo wa duara. Gelasius alisubiri dua ya dhahabu. Anisia alichukua maji kinywani, akayapuliza shimoni, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Wanaoingia humu watoke. Wote." Basi. Akaomba nyama ya mbuzi.

Yapo maneno kwamba siku ya tatu yake dhahabu ilitoka punje kubwa kama mahindi. Mimi napenda hadithi kuliko watu wengi, lakini hilo halikutokea. Kilichotoka ni maji na matope. Duara lile lilikuja kubomoka lote, ukuta na nguzo zake, miezi kadhaa baadaye. Lilibomoka Jumapili, wakati wa misa. Ndani hakukuwa na hata panya. Mzee Gelasius alisimama akaliangalia shimo, akasema, "Kumbe alisema wazi, mimi ndiye sikusikiliza," na tangu hapo akarudi kulima pamba.

Lakini nilitaka kuisimulia asubuhi ile ya kuondoka. Lori lilikuwa linapakia kwenye njia panda, mbali kidogo. Nilipeleka baiskeli yangu nzuri, yenye keria pana, nimeitandikia gunia, nimpakie mama. Shija alishika usukani upande mmoja. Valerian alikuja na shati lake, mikono ameikunja mara tatu. Januari alikuwa na kifuko chake, ametoka na shati lile lile lililomkaa kama kizibao, na kila aliyemcheka alicheka naye.

"Panda, mama, ni mbali," nilimwambia.

"Weka kifurushi tu, fundi."

"Jua litakuchoma. Kwa baiskeli ni mara moja tunafika."

"Ndiyo maana sitaki," alisema.

Nikadhani anaogopa kuanguka. Tukaondoka kwa miguu. Njia ya kwenda njia panda ilikuwa imenyooka, lakini yeye alipofika kwa muuza uji akakata kulia, akapita katikati ya vibanda. Muuza uji akapiga goti: "Shikamoo, Mama Kulwa." Akasimama. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Tukaenda. Kwa wapiga kinu wanaotwanga mawe: "Shikamoo, Mama Kulwa!" Akasimama tena, akawauliza habari za vumbi. Akazunguka kwenye maduara ya watu wa Mara, ambako hatukuwa na shughuli yoyote, akapita kwa kinyozi, akapita nyuma ya kibanda ambacho Mwamvua huuzia dagaa halafu akapita na mbele yake. Dereva alianza kupiga honi. Januari akanitazama, mimi nikamtazama Shija, na Shija akatikisa kichwa: mwacheni.

Honi ikapigwa tena. Yeye akapunguza mwendo. Mbele yetu kulikuwa na safu nyingine ya vibanda, na watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka nje wanapiga mswaki.

"Tupite na huku," alisema.